Kichapuzi cha elektroni cha leza

Kichapuzi cha elektroni cha leza ni mtambo unaotumia mwanga wa leza kuzipa elektroni nishati kubwa katika umbali mfupi. Mpigo wa leza, usiofikia hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde, hupenya kwenye plazima, yaani gesi ambayo elektroni zake zimeachana na atomi, na kuacha wimbi nyuma yake, kama boti inavyotibua maji. Elektroni hudandia wimbi hilo. Wazo hili lilitolewa na Toshiki Tajima na John Dawson mwaka 1979. Mwaka 2004, wanafizikia wa Imperial College London na wenzao, wakitumia leza ya Maabara ya Rutherford Appleton, Uingereza, walipata elektroni zenye nishati zinazokaribiana. Vikundi vya Ufaransa na Marekani vilifanikiwa pia. Mwaka 2019, maabara ya Berkeley, Marekani, ilitangaza kuzipa elektroni nishati ya elektronivolti bilioni 7.8 ndani ya sentimita 20.