Kabla kitu hakijaingia ndani ya taya: mfupa wa kupandikiza na kobalti ya Kolwezi

KOLWEZI, Lualaba – Jino likishang'olewa, shimo linabaki. Wakaaji wengi wa hapa wanaliacha lijifunge lenyewe, kwa maji ya chumvi na uvumilivu. Lakini mfupa uliokuwa unashika jino haubaki vile ulivyokuwa. Unapungua kidogo kidogo, taya linakuwa jembamba, na siku mtu akipata pesa za kuweka jino jingine la kudumu, daktari wa meno anakuta hakuna pa kulisimamisha. Ndiyo sababu mahali penye uwezo madaktari hujaza shimo hilo kwa chembechembe za mfupa. Mfupa huo unaweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa mtu aliyekufa, kwa ng'ombe, hata kwenye matumbawe ya bahari.

Mfupa wa mgonjwa mwenyewe hauogopeshi mtu. Huo wa mwingine ndio unaouliza swali: nani amehakikisha kwamba hauleti ugonjwa?

Jibu lilipatikana kwa gharama kubwa. Mwezi wa 10 mwaka 1985, katika jimbo la Virginia, Marekani, kijana wa miaka 22 alikufa kwa risasi. Damu yake ilipimwa virusi vya UKIMWI, na kipimo kikasema hana. Kipimo cha wakati ule kilitafuta alama ambazo mwili hutengeneza ukishapigana na virusi, na kijana huyo alikuwa ameambukizwa karibuni mno, alama zilikuwa bado. Viungo vyake, mifupa yake na nyama nyingine za mwili zikagawiwa watu wengi. Mwaka 1991 ndipo ilipojulikana. Watu wanne waliopewa viungo waliambukizwa wote. Watu watatu waliopewa mfupa uliogandishwa kwa baridi tu, bila kusafishwa, nao waliambukizwa wote watatu. Lakini wengine 34 waliopimwa hawakuwa na virusi, na wengi wao walikuwa wamepewa mfupa uliosafishwa kwa alkoholi.

Mtoaji alikuwa mmoja, na virusi ni vilevile. Tofauti ilikuwa namna mfupa ulivyotengenezwa kabla ya kufika kwa mgonjwa.

Wakongomani hawana haja ya kuelezwa sana habari hii. Mwaka 1984 Projet SIDA ilianza kazi Kinshasa, kwenye hospitali ya Mama Yemo, na uchunguzi wa miaka ile ulionyesha watoto waliopungukiwa damu kwa sababu ya malaria, wakaongezewa damu, na kwa damu hiyo wakapata virusi. Walioongeza damu walitaka kuokoa mtoto. Kilichokosekana ni kipimo.

Tangu hapo mfupa wa kupandikiza haukuaminiwa tena kwa karatasi ya mtoaji peke yake. Unaoshwa, mafuta na uboho vinatolewa, unakaushwa, na mara nyingi unapitishwa kwenye mionzi ya gama ili kuua vidudu vilivyobaki. Hapa ndipo Lualaba inaingia katika habari. Chanzo cha kawaida cha mionzi hiyo ni kobalti-60, na kobalti-60 inatengenezwa kwa kuweka kobalti ya kawaida, metali ileile inayochimbwa chini ya Kolwezi, ndani ya mtambo wa nyuklia kwa mwaka mmoja au zaidi. Kiasi cha mionzi kinachotumiwa sana ni kilogray 25. Mfupa hautoki hapo ukiwa na mionzi ndani yake, kama nguo isivyobaki na jua baada ya kuanikwa. Ila mionzi ikizidi, mfupa wenyewe unadhoofika, kwa hiyo kiasi nacho kinapimwa.

Mfupa wa ng'ombe ulileta hofu nyingine. Tarehe 20 Machi 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe huenda ulikuwa umeingia kwa watu. Kinachosababisha ugonjwa huo si virusi wala bakteria. Ni protini iliyoharibika, na mionzi peke yake haiiwezi. Watengenezaji wakalazimika kuonyesha kwamba moto wa nyuzi mamia kwa saa nyingi, pamoja na dawa kali za kuyeyusha protini, unaacha madini matupu ya mfupa. Kisha vinafuata vipimo vingine: chembechembe zinawekwa karibu na seli hai ili kuona kama zinakufa, halafu zinapandikizwa ndani ya mfupa wa mnyama, na baada ya majuma au miezi mfupa huo unakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Mnyama analipa kwanza, ili mtu asilipe.

Kobalti yenyewe ilipitia njia hiyo ilipotaka kukaa mdomoni. Katika miaka ya 1930 mchanganyiko wa kobalti na kromu, uliopewa jina la Vitallium, ulianza kutumiwa kutengeneza meno ya kubandika. Je, unaweza kugusa mfupa? Mwaka 1937 madaktari Venable na Stuck, wa Texas, pamoja na mwenzao Beach, walitoa matokeo ya kuweka metali mbalimbali ndani ya mifupa ya mbwa. Metali nyingine ziliozesha mfupa kwa umeme mdogo unaozaliwa kati yao na maji ya mwili. Vitallium ilitulia. Mwaka huohuo wa 1937, Union Minière ilikuwa inaanzisha mji wa Kolwezi, na Katanga ilikuwa tayari kati ya vyanzo vikubwa vya kobalti duniani.

Lakini kobalti iliyofungwa ndani ya mchanganyiko mgumu si sawa na vumbi la kobalti. Machi 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, liliweka metali ya kobalti kati ya vitu ambavyo huenda vinaleta kansa kwa binadamu.

Na vumbi ndilo lililo katika Kasulo. Mwaka 2014 madini yalionekana chini ya nyumba za mtaa huo, na watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao, karibu na jikoni, karibu na vitanda vya watoto. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzake wa hapo na wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mkojo wa wakaaji 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto. Kobalti ilikuwa nyingi kuliko kwa watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo, tena zaidi kwa watoto, na kwa watoto hao kulionekana dalili za kuharibika kwa DNA.

Hakuna mbwa aliyetangulia kupimwa Kasulo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Mwaka mmoja kabla, 2017, mtaa ulizungushiwa ukuta kwa ajili ya uchimbaji, na mamia ya familia walikuwa wamekwisha hamishwa, kila mmoja na kile alichokwisha kukivuta kwa pumzi.