Mzee wa Miaka 98 Aliyeiburuza Mamlaka Mahakamani Kisa Mafuta ya Kupikia!

Mwanzoni mwa karne ya 20, mkemia mmoja Mjerumani alipata njia ya kupitisha gesi ya haidrojeni kwenye mafuta ya maji mpaka yakaganda. Biashara ikanoga: mafuta bei chee, hayachachi haraka, keki inatoka laini. Mwaka 1911 yakaingia sokoni Marekani, yakisifiwa kuwa ndiyo ya kisasa.

Kumbe humo ndani kuna mafuta ya trans. Haya yanapandisha kolesteroli mbaya, yanashusha ile nzuri, na mishipa ya moyo inaziba kimyakimya.

Mwaka 1957 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois alitangaza kuwa ameyakuta kwenye miili ya watu waliofariki. Wengi hawakumsikiliza, lawama zote walitupiwa siagi na mafuta ya wanyama.

Mzee hakuchoka. Mwaka 2009 akaiandikia mamlaka ya chakula, kimya. Mwaka 2013, akiwa na miaka 98, akaiburuza mahakamani! Mwaka 2015 mamlaka ikatamka kuwa mafuta hayo hayahesabiki tena kuwa salama. Denmark wao walishayabana tangu 2003.

Mzee alifariki 2017 akiwa na miaka 102. Katazo lenyewe lilianza kazi 2018, hakuliona.

Sasa geuza pakiti ya biskuti zako usome. Ukikuta mafuta yaliyotiwa haidrojeni nusunusu, ujue ndiyo yale yale aliyopigana nayo zaidi ya miaka 50.