Kalamu Ilikuwa Mkononi mwa Nani?

Leo twataka kuzungumza habari za vitabu vya namna moja. Navyo ni vile ambavyo mtu husimulia utoto wake, au mambo yaliyowapata baba na mama yake, au asili ya mji aliozaliwa. Watu wengi hudhani ya kuwa historia ni habari za wafalme na vita tu, na ya kuwa mtu anayesimulia jinsi mama yake alivyokopa nafaka kwa jirani hasemi historia, anajiongelea tu. Sisi hatukubali. Mkopo wa nafaka uliweza kumtoa mtoto wa Kiyao kwao ukamfikisha Unguja, kama tutakavyoona sasa hivi.

Hata vitabu vya wafalme wenyewe huanzia utotoni. Tazameni Habari za Wakilindi, alizoziandika Abdallah bin Hemedi, zikapigwa chapa na misheni ya Magila kwa sehemu sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907. Habari za ufalme mzima wa Usambara zaanzia kinywani mwa mtoto mchanga. Mbega alipoota meno, yale ya juu yalitangulia yale ya chini, naye kwa desturi ya zamani alikuwa kigego, tena kigego hakuachwa aishi. Wazazi wake hawakumwua. Alipokuwa mtu mzima ndugu zake walimwogopa wakamfukuza, akatoka Nguu na mbwa wake wa kuwindia, mpaka Washambala wakamfanya mtawala. Kama ni kweli kwa kila neno au ni ngano iliyopambwa, wataalamu wamebishana sana, na hapa hatutaki kuingia katika mashindano hayo. Yatosha kuona ya kuwa wazee waliosimulia hawakuweza kueleza kiti cha enzi bila kutaja jino.

Basi, turudi kwa Wayao na ile nafaka ya mkopo. Tumechagua vitabu vinne vinavyohusu njia moja, yaani njia za misafara ya karne ya kumi na tisa zilizotoka bara, toka Ziwa la Nyasa na Tanganyika na mbele yake, zikashuka pwani na kuishia Unguja. Vitabu hivi havikuandikwa na watu wanaojuana, walakini mtu akiviweka mezani pamoja, husemezana.

Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wote humjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja, akafa huko mwaka 1905. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kirumi na kuyatoa huko Berlin katika mwaka 1902 na 1903. Ni kitabu cha thamani kubwa. Hakina maneno ya mapambo. Husema kama mfanyaji biashara asemavyo. Atuambia ya kuwa alipokuwa na umri wa miaka 12 alikwisha anza kusafiri na kufanya biashara ya sandarusi. Baadaye twasoma habari za frasila za pembe, bei zake, na madeni yake kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Anayetaka kujua jinsi fedha ya Unguja ilivyofika Manyema na kurudi kuwa pembe, asome hapo. Lakini watu waliozichukua pembe hizo vichwani na mabegani, hao kwa kawaida huja katika kitabu kwa hesabu tu, mia kadha wa kadha, kama mizigo waliyoichukua.

Katika watu hao walikuwamo watoto. Je, wao walisema nini?

Kitabu cha pili ni cha msichana wa Kiyao, jina lake Swema. Kilipigwa chapa Paris mwaka 1870, kwa Kifaransa, baada ya Padre Horner wa misheni ya Kikatoliki ya Unguja kuiandika habari yake. Baba yake Swema alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Mji ukaingiwa na taabu, ndugu zake wakafa, akabaki yeye na mama yake. Mama akakopa nafaka kwa mtu ili apate kulima na kula. Mavuno hayakutosha kulipa. Msafara ulipopita, mdai akamkamata mtoto akamwuza kwa nguo, deni likaisha. Mama naye hakukubali kubaki nyuma. Akawaomba wenye msafara wamchukue, akakubali kubeba pembe, mradi awe karibu na mwanawe. Akaenda hivyo mpaka nguvu zikamwisha, akaachwa njiani afe, na mtoto akaendeshwa mbele. Swema alifika Unguja hali ya maiti. Aliyekuwa na amri juu yake aliona hasara kumlisha mtu asiyepona. Akafungwa katika mkeka, akazikwa katika kaburi lisilo na kina, naye angali hai. Kijana mmoja aliyepita alisikia mlio mchangani, akamfukua, akampeleka kwa mapadre.

Sasa tusimame kidogo, maana hapa ndipo msomaji anapopaswa kutumia akili zake. Kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili ya wasichana Wakristo wa Ulaya, ili mioyo yao iguswe, wasaidie misheni. Chasema ya kuwa baadaye Swema alimwuguza Mwarabu aliyemtesa, akamsamehe. Labda ilikuwa hivyo. Lakini mambo ya namna hiyo hupendwa sana na waandishi wa vitabu vya dini, na msomaji ana haki ya kuuliza kama kalamu ya mtu mwingine haikuongeza kitu. Kwa upande mwingine, habari ya mkopo, na ya mdai jirani, na ya mama aliyejitwisha pembe, ni vigumu kudhani kwamba mtu wa Paris angeitunga. Alikuwa hajui jinsi deni linavyokwenda katika mji wa Wayao. Mtoto alijua, kwa kuwa lilimpata yeye. Tena neno hilo ni chungu kwetu, maana aliyemwuza Swema hakuwa mgeni wa kutoka ng'ambo, alikuwa mtu wa pale pale aliyempimia mama yake nafaka. Wanafunzi wetu hupenda kusikia ya kuwa ubaya wote ulishuka kutoka jahazini. Habari za watoto wenyewe hazisemi hivyo.

Cha tatu ni kitabu cha wavulana wa Kiungani. Kiungani ni mahali karibu na mji wa Unguja ambapo Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ilikuwa na shule. Mwaka 1864 Seyyid Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao ndio walioanza. Wengine wengi wakafuata, kadiri manowari za Kiingereza zilivyokamata vyombo baharini. Katika shule hiyo alikuwako A. C. Madan, yule aliyetunga baadaye kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1903. Madan aliwataka wavulana waeleze habari zao: kwao ni wapi, walitekwa namna gani, waliuzwa mara ngapi, walifikaje pwani. Wakasimulia, kila mtu la kwake, Wayao na Wamakua na Waganda na wengineo. Mwaka 1887 habari hizo zikatokea London katika kitabu kimoja.

Lakini zilitokea kwa Kiingereza. Wavulana walisimulia kwa Kiswahili, lugha waliyojifunza kwa machungu njiani na shuleni, na kilichofika mikononi mwa wasomaji ni tafsiri. Basi angalieni jambo hili: mwenye msafara tunayasoma maneno yake ya Kiswahili kama alivyoyaandika, pamoja na hesabu ya frasila zake, na mtoto aliyepita katika njia kama zile tunamsoma kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, kwa kalamu ya Mzungu, hata kama Mzungu huyo alikuwa mwema na mwangalifu. Hatumlaumu Madan, kwani bila yeye tusingekuwa na kitu. Hata hivyo, mtu akitaka kujua kijana Mmakua alitumia neno gani kumtaja mtu aliyemnunua, kama alisema bwana, au mwenyewe, au mwizi, kitabu hakimjibu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kitabu cha nne, nacho ni kidogo, cha shule, ambacho wengine hukidharau. Ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa na Sheldon Press ya London mwaka 1934. Baba yake Mbotela alikuwa miongoni mwa waliotekwa bara wakaokolewa baharini na manowari, wakashushwa Freretown. Mahali hapo pako Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Palianzishwa na misheni ya C.M.S. mwaka 1875, pakapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuja Unguja mwaka 1873 kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Palikuwa na kengele ya kuwaita watu na kuwaonya wakati wa hatari, na mpaka leo jina la Kengeleni liko pale pale. Watoto wa waliookolewa walizaliwa hapo, wakisikia habari za bara wasilolijua. Mmoja wao akazishika, akaziandika kwa Kiswahili, ili zisomwe na watu wasemao Kiswahili. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mwana.

Je, kwa kuwa ni mwana, asadikiwe kwa kila neno? La. Mbotela awashukuru Waingereza kwa shukrani nyingi sana, na wasomaji wa siku za baadaye wamelitia kasoro jambo hilo, nasi twaona wana haki. Ni kweli manowari ziliokoa watu, na soko la Mkunazini lilifungwa mwezi wa Juni 1873 kwa mkataba wa Seyyid Barghash. Lakini Unguja iliingia chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, na hati ya kuiondoa sheria ya utumwa haikutoka mpaka 1897. Katika pwani ya Kenya ikangoja mpaka 1907, na katika Tanganyika mpaka 1922. Mtu aliyeokolewa baharini alikuwa huru Freretown, na jirani yake katika shamba la minazi, mwendo wa saa moja kutoka hapo, angali mtumwa wa mtu. Mwana wa aliyeokolewa alisimulia aliyoyaona baba yake. Mwana wa yule wa minazini angesimulia mengine.

Tuseme neno moja kwa wanafunzi, kwa sababu wengi hutuuliza jinsi ya kujua mwaka wa mambo ambayo msimulizi hakuutaja. Mtoto hakujua mwaka. Alijua kwamba mahindi yalikuwa yamekomaa, au kwamba jino lake lilikuwa limeng'oka. Lakini maneno yake yana misumari ambayo twaweza kuning'inizia tarehe. Akisema aliuzwa hadharani katika soko la Mkunazini, twajua haikuwa baada ya Juni 1873. Akisema alishushwa Freretown, haikuwa kabla ya 1875, kwa maana mahali hapo palikuwa hapajawa na jina hilo. Katika sehemu za bara wazee walihesabu kwa sotoka iliyomaliza ng'ombe karibu na mwaka 1890, au kwa Vita vya Majimaji vilivyoanza Julai 1905, au kwa vita vya 1914 vilivyochukua wapagazi. Msimulizi akisema, nalikuwa nachunga mbuzi, maana ng'ombe hapakuwa nao, mwanafunzi mwenye akili atainua kichwa na kuuliza kama si ile sotoka. Kazi hii ni tamu kuliko kukariri tarehe za watawala, nayo yaweza kufanywa katika kila kijiji chenye mtu mwenye daftari na mzee mwenye subira.

Tena, asomaye vitabu hivi asitafute ndani yake mambo ambayo mtoto hakuweza kuyajua. Swema hakujua bei ya pembe katika Unguja, wala wavulana wa Kiungani hawakujua mikataba. Tippu Tip alijua bei. Lakini uzito wa pembe moja juu ya bega la mwanamke mwenye njaa, kwa siku nyingi, hilo halimo katika Maisha yake, ingawa kitabu chote kimejaa pembe. Ndiyo sababu twasema visomwe pamoja.

Nyumba ya Mbotela haikuacha kazi ya maneno. Mwanawe James, Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa mwaka 1940, akawa mtangazaji wa redio katika Sauti ya Kenya, na kwa miaka mingi wasikilizaji walimjua kwa Kiswahili chake. Alifariki mwezi wa Februari 2025. Na kile kitabu kidogo cha baba yake kilitafsiriwa kwa Kiingereza, kikatolewa London mwaka 1956. Safari hii Kiswahili kilikuwa kimetangulia kwa miaka 22.