Ukingo wa Barabara na Haki ya Wapitao

Katika vitu vyote ambavyo mji huvijenga, ni vichache vitazamwavyo kwa uchache kama ukingo wa barabara. Nao ni ule mstari wa mawe au saruji, ulioinuka kiasi cha sentimita 10 hadi 15, utenganishao njia ya magari na njia ya waendao kwa miguu. Wapitao huukanyaga bila ya kuufikiri, na waandishi wa historia huuvuka wakielekea kwenye mahekalu na majumba ya wafalme. Hata hivyo ukingo huu una historia yake, na ndani ya historia hiyo mna swali kubwa kuliko kimo chake: mji usemapo kuwa barabara ni ya wote, wote hao ni nani? Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba jibu la swali hilo limebadilika mara nyingi, na kwamba mabadiliko hayo hayakuletwa na mafundi peke yao, bali na watu waliokuwa wamesahauliwa katika hesabu.

Ukingo si uzushi wa zama zetu. Katika mji wa Pompeii nchini Italia, uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta njia za miguu zilizoinuliwa kando ya barabara, pamoja na mawe makubwa yaliyopangwa kukatisha kutoka upande huu hata upande wa pili. Mtu aliweza kuvuka juu ya mawe hayo bila ya kutia mguu katika maji machafu, na nafasi baina ya jiwe na jiwe iliachwa ili magurudumu ya mikokoteni yapite. Baada ya dola ya Kirumi kuanguka, desturi hiyo ilififia katika miji mingi ya Ulaya. Mjini Paris, daraja la Pont Neuf, lililokamilika mwaka 1607, lilikuwa jambo geni kwa kuwa na njia za miguu zilizoinuka. Mjini London, watu na magari ya farasi walichanganyika barabarani, wakitengwa kwa vigingi tu mahali pengine, mpaka sheria ya mwaka 1762 ya kutandaza mawe katika Westminster ilipoeneza njia za miguu zenye kingo na mifereji. Kusudi la ukingo, basi, lilikuwa jema: kumkinga anyonge mbele ya gurudumu na tope.

Miji ya kale ya pwani yetu ilifuata mwenendo mwingine. Vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Unguja vilipimwa kwa bega la mtu na mzigo wa punda. Hapakuwa na ukingo kwa kuwa hapakuwa na gari la kukingwa. Mwenye haraka na asiye na haraka walipishana kwa salamu, na baraza zilizo mbele ya nyumba ziliifanya njia kuwa ukumbi wa watu wote. Lakini haifai kuisifu desturi ya wazee kupita kiasi. Baraza lile lile lilikuwa refu kwa asiyeweza kupanda, na vizingiti na ngazi za mawe zilimfungia ndani mtu ambaye miguu yake haikumtii.

Motokaa ilipoingia mijini mwanzoni mwa karne ya 20, maana ya ukingo ilianza kugeuka. Kabla ya hapo barabara ilikuwa ya watoto wachezao, wachuuzi na wapita njia, na gari lilikuwa mgeni mmoja miongoni mwao. Watu hawakumpokea mgeni huyo kimya. Mwaka 1923, katika mji wa Cincinnati nchini Marekani, watu zaidi ya 40,000 walitia sahihi zao katika ombi la kutaka magari yafungwe kifaa cha kuyazuia yasizidi mwendo wa maili 25 kwa saa. Wenye magari na wafanya biashara wake wakaungana kulipinga, na kura ikaliangusha. Mwaka 1925 mji wa Los Angeles ukatoa kanuni za kuwataka waendao kwa miguu wavuke mahali palipowekwa tu. Toka hapo lawama ilihama. Zamani mwenye gari ndiye aliyeulizwa kwa nini ameua. Sasa marehemu ndiye aliyeulizwa kwa nini alivuka. Ukingo uliokuwa ngao ukawa mpaka, na aliye nje ya mpaka akahesabiwa mkosaji.

Wako watu ambao kwao mpaka huo ulikuwa ukuta tangu mwanzo. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kupanda sentimita 15 peke yake, wala hawezi kushuka pasipo hatari. Kwake kila pembe ya barabara ni mwisho wa safari. Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliongeza idadi ya watu wa namna hiyo, tena vikawafanya wawe watu ambao taifa halikuweza kuwasahau bila ya haya. Katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, mwanasheria mmoja aliyeitwa Jack Fisher, ambaye mwenyewe aliumia akiwa jeshini, aliiomba halmashauri ya mji ikate kingo za barabara ili wenziwe waliorudi vitani waweze kufika madukani na maofisini. Mwaka 1945 miteremko michache ikajengwa kwa majaribio katikati ya mji, pamoja na vyuma vya kushikilia. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Timothy Nugent aliongoza kazi ya kuwafungulia milango wanafunzi wenye ulemavu, na mwaka 1961 zikatolewa kanuni za kwanza za taifa hilo zilizoeleza jinsi majengo yanavyoweza kufikiwa na watu wa namna hiyo. Lakini kanuni hizo zilikuwa ushauri. Asiyetaka kuzifuata hakulazimishwa.

Shina la nguvu lilichipuka katika mji wa Berkeley, California. Mwaka 1962 aliingia katika chuo kikuu cha huko kijana aitwaye Ed Roberts, ambaye polio ilimpoozesha mwili hata akahitaji mashine ya kumsaidia kuvuta pumzi. Hapakuwa na bweni la kumfaa, akawekwa katika hospitali ya chuo. Na wengine wakamfuata. Vijana hao walitambua kuwa elimu waliyopewa haikuwa na maana ikiwa hawawezi kuvuka barabara kwenda kununua mkate. Yasimuliwa kwamba baadhi yao walitoka usiku na saruji na nyundo, wakajitengenezea miteremko kwa siri. Hadithi hiyo yapendeza, na huenda ina chembe ya kweli, lakini historia haitaki tuishie hapo. Kilichobadili mji ni kazi isiyopendeza masikio: kuhudhuria mikutano, kuandika barua, na kuonyesha katika ramani pembe ipi ikatwe kwanza. Mwaka 1971 halmashauri ya Berkeley ilikubali, na kazi ikaanza.

Jambo lililoanza kama hisani ya mji mmoja likageuka kuwa haki kwa sheria. Sheria ya mwaka 1973 ilikataza ubaguzi wa watu wenye ulemavu katika shughuli zinazolipiwa na fedha za serikali ya Marekani, ila kanuni za kuitekeleza zilicheleweshwa mpaka mwaka 1977, wenye ulemavu walipokaa ndani ya jengo la serikali mjini San Francisco kwa muda wa zaidi ya majuma matatu, wakikataa kutoka. Sheria kubwa zaidi ikafuata mwaka 1990. Mwaka 1993 mahakama ya rufani, katika shauri lililohusu barabara za Philadelphia, iliamua kwamba mji ukitandaza lami mpya, hauna budi kukata na kingo zake pia. Kisha likaonekana jambo ambalo wapinzani hawakulitazamia. Mama mwenye kigari cha mtoto, hamali na mkokoteni wake, msafiri avutaye sanduku, mzee wa magoti mazito, wote waliupita mteremko ule pasipo kuuliza ulijengwa kwa ajili ya nani.

Kama historia ingekoma hapa, ingekuwa hadithi tamu ya wema ulioshinda. Lakini haikukoma. Mtu asiyeona, aendaye kwa fimbo, huujua mwisho wa njia ya miguu kwa kuugusa ukingo. Ukingo ukisawazishwa hata ukawa sawa na barabara, hana dalili ya kumwambia kwamba hatua moja mbele yako magari. Basi kile kilichomfungulia mlango mwenye kiti cha magurudumu kiliondoa ukuta uliomlinda asiyeona. Wawili hawa si maadui, na kila mmoja adai haki ya kweli. Lakini jiwe moja haliwezi kuwako na kutokuwako mahali pamoja.

Dawa ya mgongano huu ilikuwa imekwisha kupatikana mbali na Marekani. Nchini Japani, Seiichi Miyake alibuni mwaka 1965 vigae vyenye vinundu ambavyo mguu na fimbo huvitambua. Tarehe 18 Machi 1967 vigae hivyo vilitandazwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama, karibu na shule ya wanafunzi wasioona. Vinundu vya duara humwambia mtu asimame na ajihadhari. Michirizi mirefu humwambia aendelee. Vikitiwa penye mteremko, mwenye magurudumu hupita, na asiyeona huonywa. Hivyo alfabeti ya miguu ikaenea ulimwenguni.

Hata hivyo fundisho lile lilisahauliwa upesi. Mwanzoni mwa karne ya 21 ilienea katika Ulaya fikra ya kuondoa kingo kabisa, ili gari na mtu wagawane uwanja mmoja na kupishana kwa kutazamana machoni. Barabara ya Exhibition Road mjini London ilitengenezwa upya kwa namna hiyo, ikakamilika katika miaka ya 2011 na 2012. Fikra hiyo ilikuwa na uzuri wake, maana yakumbusha njia za zamani. Ila yataka macho. Asiyeona hana jicho la kumtazama dereva, na vyama vya wasioona vilipinga kwa nguvu. Wachunguzi wa University College London walipima, wakaona kwamba ukingo wenye kimo cha sentimita 6 waweza kutambuliwa na wasioona kwa uhakika, na ulio chini ya hapo wawapotea. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ikazitaka halmashauri zisimamishe mipango mipya ya barabara zenye usawa huo. Mwenye kuchora barabara alikuwa amesahau methali yetu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mambo haya si ya ugenini tu. Mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 1,190,000 duniani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Katika miji yetu watu wengi huenda kwa miguu, lakini njia ya miguu hukatika ghafula penye mtaro usiofunikwa, au hugeuzwa njia ya bodaboda magari yanapokwama. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Vituo vya mabasi yaendayo haraka mjini Dar es Salaam, vilivyoanza kazi mwaka 2016, vilijengwa sakafu yake ilingane na sakafu ya basi. Katika mji huo huo shirika la Amend lilianza kazi ya kujenga njia za miguu, matuta na vivuko penye shule ambazo watoto wake waligongwa mara nyingi, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa. Yote hayo ni mema. Lakini kituo kizuri hakimfai mtu asiyeweza kukifikia kutoka nyumbani kwake, na huo mwendo wa nyumbani hata kituoni ndio uliosahauliwa zaidi.

Kwetu mgongano una sura ya pekee. Mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake juu ya njia ya miguu humzuia asiyeona; na mchuuzi huyo naye atafuta chakula cha watoto wake. Kumfukuza bila ya kumpa mahali ni kutenda kosa lile lile la kumjengea mmoja kwa kumsahau mwingine. Njia pana yaweza kuwa na sehemu ya biashara na sehemu ya kupita, yenye alama ambayo fimbo huitambua. Lakini upana huo hauna budi kutolewa mahali fulani, na mahali penye upana wa kutolewa ni pale palipo na magari. Hapo ndipo ugumu wa jambo ulipo, kwa kuwa mwenye gari ana sauti katika baraza, na aendaye kwa miguu hana.

Basi historia ya ukingo yatufundisha kwamba barabara ya wote haipatikani kwa kuinua wala kwa kusawazisha. Kila kizazi kiliamini kuwa kimemaliza hesabu, na kila mara alijitokeza mtu wa kando aliyesema, "Mimi sikuhesabiwa." Mji wenye haki ni ule unaomwita mtu huyo mezani kabla saruji haijakauka.