Vita vya Panzi: Malumbano ya Wapenzi wa Ushairi katika Kurasa za Magazeti

Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Methali hii yafaa kukumbukwa kila itajwapo historia ya ushairi wa Kiswahili katika karne ya 20, kwani ndani yake mna ugomvi mmoja mrefu uliotumia wino mwingi na kuzaa vitabu kadhaa, juu ya swali ambalo mtu wa nje angeliona dogo: utungo usio na vina wala mizani, je, ni shairi? Waliogombana hawakuwa maadui wa ushairi. Walikuwa wapenzi wake wakubwa, watu waliosubiri gazeti ili waone nani kamjibu nani. Nao waliposhughulika kupimana nguvu, ukurasa waliokuwa wakigombania ulikuwa ukisinyaa mikononi mwao.

Kulumbana kwenyewe si jambo geni kwa Waswahili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ya Wamazrui ilipohasimiana na Lamu, washairi walitangulia uwanjani kabla ya askari. Upande wa Mvita alikuwako Muyaka wa Mwinyi Haji. Upande wa Amu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi na wenziwe. Beti zilivuka bahari kwenda na kurudi, za vitisho, za kejeli na za mafumbo, hadi vita vyenyewe vilipopiganwa Shela, vikajulikana kwa jina la vita vya Kuduhu, kiasi cha mwaka 1812. Katika malumbano ya namna hiyo jibu lina adabu zake. Anayejibu hupokea bahari ya mwenziwe, na mara nyingi huchukua vina vile vile, ili kila msikilizaji apate kupima: huyu alisema hivi kwa vina hivi, na yule kwa vina hivyo hivyo kamzidi wapi? Mizani, basi, haikuwa pambo tu. Ilikuwa ndiyo ratili ya kupimia washindani, na msikilizaji ndiye aliyeishika.

Ratili hiyo iliingia katika karatasi mwaka 1923, Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika ilipoanza kutoa gazeti la kila mwezi la Mambo Leo. Gazeti lilikuwa la serikali ya kikoloni, lakini ukurasa wa mashairi ulikuwa mali ya wasomaji. Humo Shaaban Robert, karani wa serikali aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alitoa baadhi ya tungo zilizomjulisha kwa watu. Humo pia watu wasiojulikana sana walisalimiana, walitegana mafumbo, waliombolezana na kugombana. Katika miaka ya 1940 na 1950, kwa mfano, wasomaji walibishana kwa barua na kwa mashairi juu ya dansi: je, ni ustaarabu au ni upotofu wa vijana? Mtu wa Ujiji aliweza kumjibu mtu wa Pangani bila ya kuonana naye maisha yake yote. Lile baraza la kibarazani, ambalo zamani lilihitaji mkeka na kahawa, sasa lilikuwa na ukumbi mpana kuliko mji wowote wa pwani.

Penye ukumbi mpana huhitajiwa sheria. Mwaka 1954 Amri Abedi, ambaye baadaye alikuja kuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha Waziri wa Sheria, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kiliyaandika yale ambayo watunzi wengi waliyajua kwa masikio: idadi ya mizani, mpango wa vina vya kati na vya mwisho, na kasoro zinazoufanya utungo uitwe guni. Mwaka 1959 kikaundwa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, kijulikanacho kwa ufupi kama UKUTA. Miongoni mwa nguzo zake alikuwa Mathias Mnyampala, hakimu na mtunzi, ambaye baada ya Rais Julius Nyerere kuwataka malenga mwaka 1968 waeneze Azimio la Arusha, alizikuza ngonjera, tungo ambazo watu wawili au zaidi hujibizana mbele ya hadhira hadi mmoja akubali. Hata ngonjera, basi, ni mtoto wa malumbano, ingawa katika ngonjera mshindi alikwisha kujulikana kabla ya mchezo kuanza.

Dhoruba ilikuja katika miaka ya 1970, na ilitokea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi. Alikuwa kijana wa Namagondo, Ukerewe. Naye ni mtu wa kisiwani, ila kisiwa chake ni cha ziwa. Katika dibaji yake alieleza kwamba alitaka kuutungia ushairi lugha ya kawaida, ile ambayo watu huzungumza kila siku, na kwamba hakukusudia kufungwa na vina. Miaka miwili baadaye M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Malenga wa Bara. Jina hilo peke yake lilitosha kuchokoza, kwa kuwa mwaka 1971 Ahmad Nassir alikwisha kutoa Malenga wa Mvita, diwani iliyobeba utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin, mtetezi mkubwa wa vina na mizani. Msomaji yeyote wa pwani aliyeyaona majina hayo mawili katika rafu moja alijua kwamba moja lamjibu jingine. Kisha Mulokozi na Kahigi wakaandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakahoji kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi bali ni vazi mojawapo tu.

Wapenzi wa mapokeo hawakunyamaza. Kwao, kuondoa mizani ni sawa na kuondoa nazi katika wali wa nazi kisha ukang'ang'ania jina lile lile. Waliuita utungo mpya guni, au nathari iliyokatwakatwa vipande. Waliwaambia vijana wa chuo kwamba wameshindwa kutunga, na kwa kuwa wameshindwa, wamekuja na fatwa ya kuihalalisha aibu yao. Vijana nao waliwaambia wakongwe kwamba wanahesabu silabi kama mwenye duka ahesabuvyo senti, na kwamba beti nyingi za magazetini zina vina vitupu visivyo na wazo. Mwaka 1984 J. M. Mayoka alichapisha kitabu ambacho jina lake linatosha kuonesha hali ilivyokuwa: Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka.

Katika joto hilo kila upande ulikuwa na hoja ambayo upande wa pili haukutaka kuitazama usoni. Wanamapokeo walikuwa na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, ndugu yake Ahmad Nassir, iliyotoka mwaka 1973, mwaka mmoja tu kabla ya Kichomi. Tungo hizo ziliandikwa gerezani, katika karatasi za msalani, na mtu aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Ni vigumu kudai kwamba vina humnyima mtunzi uhuru wa fikra, ilhali mtunzi aliyenyimwa uhuru wa mwili aliyaeleza mateso yake kwa vina hivyo. Lakini wanamabadiliko nao walikuwa na haki waliposema kwamba si kila mwenye vina ni Abdilatif, na kwamba kanuni iliyomfaa bingwa yaweza kuwa maficho ya mvivu.

Ama dai lililopendwa zaidi na mashabiki, kwamba ugomvi huu ulikuwa wa Pwani na Bara, haliwezi kusimama likipimwa kwa watu wenyewe. Mnyampala, mlinzi wa vina, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Amri Abedi, mwandishi wa sheria, na Saadani Kandoro, bingwa mwingine wa mapokeo na mmoja wa waasisi wa TANU, wote asili yao ni Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mnyampala wa Dodoma na Chiraghdin wa Mombasa majina yao yamekaa pamoja katika jalada la Historia ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1977, wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki. Kwa upande wa pili, Alamin Mazrui, mtu wa Mombasa halisi, alitoa Chembe cha Moyo mwaka 1988 akiwa na tungo zisizofungwa na vina. Na mwaka huo huo Ibrahim Noor Shariff, Mzanzibari, alikumbusha katika Tungo Zetu kwamba Waswahili wana bahari nyingi, tangu utenzi na ukawafi hadi kimai, wawe na tumbuizo, na kwamba shairi ni moja tu miongoni mwa bahari hizo. Neno lake liliwagusa wote. Wakongwe walioapa kwa shairi la mizani kumi na sita walikuwa wameifanya bahari moja kuwa bahari zote. Na vijana waliodhani wamevunja mapokeo walikuwa wamevunja chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba vingi.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo ugomvi huu uliligusa na ambalo pande zote mbili hazikulizungumza sana, nalo ni jibu. Muyaka na Zahidi walikuwa maadui, lakini walipigania katika uwanja mmoja na kwa silaha za namna moja. Wagomvi wa miaka ya 1970 walikuwa wa taifa moja na pengine wa mtaa mmoja, lakini viwanja vyao vilitengana. Wakongwe walisema kwa beti, magazetini. Wasomi walisema kwa nathari, katika majarida na vitabu vya chuo. Mkongwe alipotoa shairi la shutuma, hakupata shairi la kumjibu. Alipata makala, pengine asiione kabisa. Tena utungo huru, kwa umbo lake, haupokeleki kwa vina: aupendaye aweza kuusifu, auchukiaye aweza kuutukana, lakini hawezi kuuchukua kwa kituo chake akaurudisha umezidishwa. Ulikuwa ni ushairi wa mtu mmoja aliyekaa chumbani mwake na fikra zake. Kezilahabi alipata humo undani ambao ukurasa wa gazeti haukuwahi kuujua, na faida hiyo si ndogo. Lakini baraza lilipoteza mchezo wake.

Wakati huo huo ukurasa nao ulikuwa ukipungua. Ngurumo, gazeti lililoanza mwaka 1959 na kupendwa sana na watu wa kawaida wa Dar es Salaam, lilikufa mwaka 1976. Karatasi ziliadimika katika miaka ya shida ya uchumi. Magazeti mengi ya watu binafsi yaliyochipuka katika miaka ya 1990 yaliishi kwa siasa, mpira na matangazo. Hapa na pale safu ya mashairi ilibaki, na Taifa Leo la Nairobi liliendelea kuwapa malenga nafasi, lakini kwa jumla ukumbi ule mpana ulikuwa umekatwa vipande vipande. Wapenzi waliokuwa wakiuliza nani ana haki ya kuingia walikuta mlango wenyewe umekuwa mwembamba kwa wote. Huyo ndiye kunguru wa methali. Hakuwa msomi wala mkongwe, alikuwa ni kimya.

Kwa hesabu za shuleni, ugomvi umekwisha. Vitabu vya kiada vya Tanzania na Kenya huwafunza wanafunzi ushairi wa arudhi na ushairi huru bega kwa bega, na mtihani huuliza habari za yote mawili bila ya kuona haya. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, aliingia katika masomo ya chuo kwa diwani yake ya Kimbunga ya mwaka 1994, yenye tungo za Visiwani. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, naye anasomwa. Hakuna tena anayeuliza yupi kati yao ni mshairi.

Lakini upatanisho wa mtihani umeacha deni. Mwanafunzi hukutana na diwani, na diwani ni sauti ya mtu mmoja. Tungo za Muyaka zilihifadhiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, zikachapishwa na William Hichens mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka, na kwa muda mrefu msomaji wa kawaida alimsikia Muyaka akitukana bila ya kuwasikia waliotukanwa wakimjibu. Ilibidi kungojea mwaka 1995, Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipochapisha Mashairi ya Vita vya Kuduhu, ndipo tungo za Mvita na za Amu zikakaa tena katika jamvi moja kama zilivyokuwa siku zilipotungwa. Ndipo ilipodhihiri kwamba baadhi ya beti zilizokuwa fumbo zilikuwa fumbo kwa sababu swali lao lilikuwa limeachwa pembeni.

Kurasa za Mambo Leo, za Ngurumo na za magazeti yaliyofuata zahitaji huduma kama hiyo. Shairi na jibu lake, na jibu la jibu, pamoja na lakabu za wenyewe, vingali vimelala katika majalada ya maktaba, na karatasi ya gazeti haina umri mrefu. Diwani za mabingwa zimekwisha kuchapishwa. Ambavyo havijachapishwa ni vita vyenyewe: matusi ya adabu, heshima za uongo, mtu wa Ujiji akimwambia mtu wa Pangani kwamba kina chake cha ubeti wa tatu kimepinda, na mtu wa Pangani, toleo la mwezi ufuatao, akikinyosha.