Mille Bornes

Mille Bornes (kwa Kifaransa: "mawe elfu moja ya kilomita") ni mchezo wa karata kutoka Ufaransa unaoiga mashindano ya magari barabarani. Ulitungwa na Edmond Dujardin mwaka 1954. Jina lake linatokana na mawe yaliyosimikwa kando ya barabara za Ufaransa kuonyesha umbali kwa kilomita.

Asili

Mille Bornes haikuzuka bila mzazi. Tangu mwaka 1906 Marekani ilikuwa na mchezo wa karata ulioitwa Touring, ambao mwaka 1925 ulichukuliwa na kampuni ya Parker Brothers. Humo tayari kulikuwa na karata za umbali, pancha na kuishiwa mafuta, kwa hiyo ni vigumu kusema kwamba wazo lote ni la Dujardin. Alichoongeza ndicho kilichoupa mchezo wake uhai: karata za kinga. Mwaka 1962 Parker Brothers wenyewe, wenye Touring, walianza kuuza Mille Bornes nchini Marekani, na maneno ya Kifaransa yakabaki kwenye karata pamoja na ya Kiingereza.

Uchezaji

Seti ya kawaida ina karata 106. Kila mchezaji hushika sita. Kwa zamu huokota moja, kisha huweka moja mezani au huitupa. Anayelenga ushindi lazima afike kilomita 1000 kamili, bila kuzidisha. Karata za umbali ni za kilomita 25, 50, 75, 100 na 200.

Kwa kawaida hakuna anayeondoka bila taa ya kijani, isipokuwa mwenye gari la dharura. Ndiyo maana karata hizo ni 14, na bado mtu huweza kukaa raundi kadhaa akiwatazama wenzake wakienda. Wapinzani humzuia kwa taa nyekundu, ajali, pancha, kuishiwa mafuta au kikomo cha mwendo, ambacho humruhusu kutumia karata za 25 na 50 tu.

Kinga ni nne pekee: dereva stadi, lori la mafuta, tairi isiyotoboka na gari la dharura. Kila moja huondoa aina yake ya balaa hadi mwisho wa mkono huo. Aliyeificha mkononi akaitoa papo hapo anaposhambuliwa hupata pointi za ziada. Pigo hilo huitwa *coup fourré*, neno lililoazimwa kutoka mchezo wa vitara. Wachezaji wazoefu hukaa na kinga wakilisubiri, ingawa mkono ukiisha kabla ya shambulio bila wao kuiweka mezani, hawapati kitu.