Dhamana ya Maji: Uganga, Miiko na Lawama katika Masimulizi ya Vita vya Majimaji



Takriban kila mwaka, tunapoifikia tamthiliya ya Kinjeketile darasani, hutokea mwanafunzi akauliza iwapo kweli watu wazima, wenye akili zao timamu, waliamini kwamba risasi ya Mjerumani ingegeuka maji. Darasa hucheka. Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niichague mada hii, kwa kuwa ndani yake imo hukumu: kwamba waliokufa kusini mwa nchi yetu kati ya 1905 na 1907 waliuawa na ujinga wao, au na mganga aliyewahadaa. Nakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo haikuzuka yenyewe. Ina historia yake, na sehemu muhimu ya historia hiyo imeandikwa kwa Kiswahili.

Tuanze na yale tunayoyajua. Kinjeketile Ngwale aliishi Ngarambe, upande wa kusini wa Mto Rufiji. Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, mwaka 1904 alipagawa na pepo aliyeitwa Hongo, akajikokota kwa tumbo hadi kwenye maji, akazama. Jamaa zake walimtafuta wasimpate. Kesho yake aliibuka akiwa mkavu, akaanza kutabiri. Mwanahistoria hana chombo cha kupimia tukio la namna hii, na wala hapaswi kujitia kuwa nacho. Anachoweza kukipima ni mwenendo wa watu baada ya hapo: waliiendea Ngarambe kwa makundi, kutoka mbali, na wakarudi makwao na dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Naomba tuutazame vizuri mchanganyiko huo, maana ni vitu vya mkulima. Kabla ya Kinjeketile, watu walikuwa wakiliendea zimwi kuu la Bokero huko Kibesa, kwenye Mto Rufiji, kuomba mvua na kinga ya mazao. Maji ya Ngarambe yalitoka katika desturi hiyohiyo. Kilichoongezeka ni adui mpya wa shamba. Tangu 1902 utawala wa Kijerumani ulikuwa umeanzisha katika sehemu hizo mashamba ya pamoja ya pamba, ambamo watu walilazimishwa kufanya kazi chini ya viboko vya maakida, kwa malipo madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea. Mtu aliyetumia msimu wake katika pamba ya serikali alikuta mtama wake umekwisha kuliwa na nguruwe. Kwa hiyo dawa ya kulinda shamba ilipogeuzwa kuwa dawa ya vita, haikuvuka umbali mkubwa kama tunavyodhani sisi tunaonunua unga dukani.

Aidha, maji hayakutolewa bila masharti. Aliyeyapokea alikatazwa kulala na mwanamke kwa muda wa vita, na alikatazwa kupora. Miiko hii kwa kawaida hutajwa na waandishi kwa haraka, kama pambo la kienyeji, ilhali kwa maoni yangu ndiyo kiini cha jambo lote. Mwiko humfanya kila mpiganaji awe na sehemu yake katika matokeo. Mganga hutoa dawa. Nguvu ya dawa huhifadhiwa na mwenendo wa aliyeipokea. Yaani dhamana iligawanywa. Hapa uganga ulifanya kazi ya sheria: uliwaunganisha watu wa koo na lugha mbalimbali, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na hatimaye Wangoni, chini ya kanuni moja ambayo hakuna mtawala wa kabila lolote aliyeweza kuitunga peke yake. Wanaisimu watanisamehe nikidokeza pia kwamba watu hao wote waliingia vitani kwa neno moja la Kiswahili.

Lakini mwiko una makali pande mbili. Dawa iliposhindwa, jibu lilikuwa tayari: aliyekufa alivunja mwiko. Marehemu akawa shahidi dhidi ya nafsi yake. Mnamo tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji kwa maelfu waliishambulia boma ya Mahenge wakapokelewa na bunduki za mtombo. Miili iliyolala pale uwanjani haikutosha kuivunja imani mara moja, na sababu mojawapo ni huu utaratibu wa lawama. Siwezi kuutetea. Desturi iliyompa kila mtu dhamana ndiyo hiyohiyo iliyomtwisha maiti kosa la kufa kwake.

Je, Kinjeketile mwenyewe anabeba nini? Masimulizi yanasema kwamba aliwaagiza watu wasubiri amri yake. Hawakusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na kitendo hicho kikawa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti, Kinjeketile alinyongwa Mohoro. Hivyo vita vilivyobeba jina la maji yake vilipiganwa karibu vyote yeye akiwa kaburini, katika nchi ambazo nyingine hakupata kuzikanyaga.

Wa kwanza kuandika hukumu kwa Kiswahili alikuwa mshairi wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, katika utenzi wake kuhusu vita hivi. Utenzi huo ulichapishwa Berlin mwaka 1933, na Whiteley akautoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Mshairi ni mtu wa mji na wa dini, na maisha yake yalikuwa karibu na boma. Hawaonei huruma waganga: kwake wao ni wadanganyifu, na waliowafuata ni watu waliopotoshwa. Ni kazi yenye thamani kubwa kwa lugha yake na kwa habari zake, nami sitaki tuitupe kwa sababu ya msimamo wake. Hata hivyo, msomaji angalie jambo moja: mara tu kosa linapowekwa kwa mganga, moto uliochoma vijiji unakuwa adhabu, na adhabu haina haja ya kujieleza.

Baada ya uhuru hukumu iligeuzwa. Mwaka 1968 Gilbert Gwassa na John Iliffe walitoa mkusanyiko wa kumbukumbu za vita hivi, na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam wakapelekwa vijijini kuwahoji wazee waliovishuhudia. Katika historia iliyotokana na kazi hiyo, maji yakawa itikadi ya umoja, na Kinjeketile akawa mtangulizi wa taifa. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthiliya yake, ambayo wengi huisoma kama sauti ya historia hiyo ya utaifa. Mimi naiona inabishana nayo.

Kinjeketile wa Hussein ana mashaka. Akiisha kuzinduka, anatambua kwamba neno lililomtoka linaahidi pia kuwa, Mjerumani akifukuzwa, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani wabadilishe bwana. Anajaribu kulizuia neno lake na hawezi, kwa maana limekwisha kuwa mali ya wengine. Hapa mwandishi anaipeleka dhamana pasipokuwa na mwiko wa kuikinga: kwa mtu mmoja aliyenena, ambaye sasa anajua. Na mwishoni, gerezani, anapotakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo, anakataa. Anajua Mjerumani atakachokifanya na ukiri huo. Watoto wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa.

Wanafunzi wengi hukiona kitendo hiki kuwa ushujaa mtupu. Tukisome upya. Kinjeketile anaamua kuacha watu waendelee kufa kwa neno ambalo yeye mwenyewe halina tena hakika kwake, ili asimpe adui hoja. Hussein hatuambii kama ni sawa. Kicheko cha darasani, kwa bahati mbaya, ndicho kile hasa ambacho Kinjeketile huyo alikihofia.

Kuna jambo ambalo utenzi na tamthiliya, kila mmoja kwa sababu zake, havikulipa nafasi ya kutosha: njaa. Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi, na kwa hiyo hawakufa kwa sababu maji yalishindwa kuzuia risasi. Chini ya Gavana von Götzen, majeshi yalichoma vijiji, maghala na mazao yaliyokuwa shambani, yakatwaa nafaka na mifugo, yakawazuia watu kupanda. Ulikuwa ni uamuzi wa maofisa waliojua wanachokifanya. Serikali ya kikoloni ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa aliwakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15, pamoja na askari na wasaidizi Waafrika 389. Idadi hii ya mwisho inatukumbusha, kwa uchungu, kwamba mikono iliyotia moto maghala kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watu weusi, na kwamba wao nao wana wajukuu.

Tukiziweka hesabu hizi mbele yetu, swali la mwanafunzi linabadilika. Mama wa Kingindo aliyekufa mwaka 1907 pengine hakunyunyiziwa maji wala hakuvunja mwiko wowote. Imani ya mtu mwingine haiwezi kuwa sababu ya ghala lake kuteketezwa. Aliyelichoma ndiye sababu.

Filamu imeligusa jambo hili kwa njia ambayo maandishi hayakuifikia. Mwaka 2024 ilionyeshwa filamu ya makala Das leere Grab, yaani kaburi tupu, iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay. Miongoni mwa wanaofuatiliwa humo ni ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 katika mji ambao leo una jina lake, na ambaye kichwa chake kinasimuliwa kuwa kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikutana na ukoo huo Songea, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu.

Uzito wa filamu hiyo, kwangu, umo katika mambo madogo: watu wanaotembea katika ofisi na maghala ya makumbusho ya ugenini wakiuliza habari za babu yao, wakijibiwa kwa upole na kwa karatasi. Kwao mazishi hayajakamilika, na mila inawataka wayakamilishe. Zamu hii mila inaidai dhamana kwa upande wa pili, ule ambao utenzi haukuuliza na ambao darasani hatujazoea kuuliza. Hadi filamu inakwisha, fuvu halikuwa limepatikana.